Mtihani wa ajira za ngazi ya chini serikalini: mhitimu wa sekondari bado ana chake humo?

#1 Kalamu Nyekundu
Wakuu, habari za muda huu.

Naleta hoja mezani. Mitihani ya kuajiri waliomaliza sekondari (karani, mhudumu wa ofisi, askari wa cheo cha chini, mpokea barua) haipimi tena nani anaiweza kazi. Inapima nani ana nafasi ya kukaa nyumbani miaka kadhaa akibukua bila kuulizwa chakula kinatoka wapi. Maswali ya asilimia, ya kutafuta kinyume cha neno, ya mji mkuu wa nchi fulani, yanahusiana vipi na kutunza majalada au kumsikiliza mwananchi aliyekuja kaunta amekasirika?

Mdogo wangu ni mmoja wao. Kompyuta anaijua, mwandiko wake unasomeka, na watu anawaweza. Kinachomwangusha kila mara ni zile hesabu za treni mbili zinazopishana. Chumba alichofanyia mtihani, aliyepita ana digrii ya uhandisi. Kwa nafasi ya karani! Tatizo ni maswali, ni wingi wa watu, au ni wanaoandika sifa za mwombaji?

#2 Jicho la Tai
Natia nanga. Ngoja waje wenye uzoefu.

#3 Mzee wa Masijala
Kijana, nimefanya kazi masijala mpaka nimestaafu, kwa hiyo nisikilize kidogo kabla hujaubomoa mtihani.

Kabla ya mtihani kulikuwa na kimemo. Mkubwa anaandika mistari miwili, "mpokee kijana huyu", basi, umepata karani. Mtihani ulibuniwa kumtoa mjomba mlangoni. Wachina walikuwa nao kwa karibu miaka 1,300 mpaka ulipofutwa mwaka 1905. Uingereza, Stafford Northcote na Charles Trevelyan waliandika ripoti yao mwaka 1854 wakalalamika kwamba ofisi za umma zimejaa watoto wa wakubwa wasio na kazi nyingine ya kufanya, na mwaka uliofuata mtihani ukaanza. Marekani ndiyo ilisubiri mpaka damu imwagike: Rais Garfield alipigwa risasi mwaka 1881 na mtu aliyeamini anadaiwa cheo kwa kukisaidia chama, na mwaka 1883 sheria ya Pendleton, ya kuajiri kwa mtihani, ikapita.

Hizo hesabu za treni zinachosha, sikatai. Lakini treni haimjui mjomba wako.

#4 Nakazia Tu
Hiyo sentensi ya mwisho ya Mzee ichukueni wote. Nakazia.

#5 Daftari la Kale
Mzee wa Masijala, heshima yako. Naongeza mawili, kwa sababu yanabadilisha picha.

Uingereza haikuanza na ushindani wa wazi. Tume iliyoundwa mwaka 1855 ilikuwa inawapima watu ambao tayari wakubwa wamewapendekeza. Mjomba alibaki mlangoni, ila sasa mpwa wake alilazimika kujua kusoma na kuandika. Ushindani wa wazi ulikuja mwaka 1870. Marekani nayo, ile sheria ya 1883 mwanzoni iligusa kama kazi moja kati ya kumi za serikali kuu. Nyingine ziliendelea kugawiwa kama zamani.

La pili linamgusa mleta uzi moja kwa moja. Ripoti ya 1854 ndiyo ilipendekeza kazi zigawanywe makundi mawili: za kufikiri kwa waliosoma sana, na za kunakili na kutunza kumbukumbu kwa vijana wa elimu ya kawaida. Mtihani wa mhitimu wa sekondari umezaliwa hapo. Tangu mwanzo ulikuwa mlango wa pembeni wenye dari lake. Leo wenye digrii wamejaa kwenye huo mlango wa pembeni, na hilo waandishi wale hawakuliwaza.

#6 Binti Hesabu
Mleta uzi, kabla hatujafika mbali kwenye historia, mdogo wako huwa anaacha maswali wazi kwa kuogopa kukatwa alama?

Nauliza kwa sababu wengi wanaambiwa "ukiwa na shaka usiguse". Ushauri huo si sahihi kila mahali. Chukueni mtihani wa India unaoitwa CHSL, ule wa waliomaliza sekondari ya juu. Hatua ya kwanza ni maswali 100 kwa dakika 60, yaani sekunde 36 kwa swali. Ukipata, alama 2. Ukikosa, unakatwa nusu alama. Kila swali lina majibu manne.

Jibu maswali 20 kwa kufumba macho kabisa. Kwa wastani utapata 5, hizo ni alama 10. Utakosa 15, unakatwa 7.5. Umebaki na 2.5 mfukoni. Ukiweza kuondoa jibu moja unalojua si lenyewe, hali inakuwa nzuri zaidi: maswali 21, utapata 7, alama 14, utakosa 14, unakatwa 7, faida 7. Kwenye mtihani ambao watu maelfu wanabanana ndani ya alama moja, 7 ni tofauti ya ajira na kurudi nyumbani.

Hatua ya pili ya mtihani huohuo ni hadithi nyingine. Swali lina alama 3 na kosa linakata 1. Hapo kubahatisha kwa kufumba macho ni sifuri kamili, hakuna faida wala hasara. Ndiyo maana namwambia kila mtahiniwa: kabla ya kusoma mada hata moja, soma kanuni ya kukata alama.

#7 Kalamu Nyekundu
Binti Hesabu, ndivyo anavyofanya! Huacha hata maswali 15 wazi. Ahsante sana, hii namtumia sasa hivi.

Lakini umenisaidia kwenye hoja yangu pia. Kama alama 7 zinapatikana kwa kujua kanuni ya kubahatisha, basi aliyefundishwa kanuni hiyo kwenye darasa la kulipia anamshinda mwenzake anayeijua kazi.

#8 Mti Mkavu
Mleta uzi, hapo umegonga. Tuisheni ndiyo inayoamua, mengine ni maneno. Seoul kuna eneo linaitwa Noryangjin linalojulikana nchi nzima kwa vituo vya kuwaandaa watu kwa mitihani ya serikali. Vijana wanahamia huko, wanapanga vyumba vidogo, wanakula haraka haraka, wanasoma miaka. Mtoto wa mkulima aliyemaliza shule jana atashindana vipi na huyo?

#9 Daftari la Kale
Mti Mkavu, Korea Kusini walilijua hilo na wakajaribu kulitibu. Mwaka 2013 waliingiza masomo ya sekondari kama hisabati, sayansi na elimu ya jamii yawe ya kuchagua kwenye mtihani wa daraja la tisa, ambalo ndilo la chini kabisa, ili wahitimu wa sekondari wasisumbuliwe na sheria ya utawala ambayo hawajawahi kuisoma. Nia njema kabisa. Mwaka 2022 wakayaondoa. Lalamiko kubwa lilikuwa kwamba watu wanaingia ofisi za kodi hawajui sheria ya kodi wala uhasibu.

Sasa mleta uzi, jiulize. Unataka mtihani unaofanana na kazi? Mtihani unaofanana na kazi unamfaa aliyekwisha kuisomea kazi. Mtihani wa masomo ya shule unamfaa mhitimu, ila hauhusiani na kazi. Huwezi kuvuta kamba pande zote mbili.

#10 Zamu ya Usiku
Hapana, Daftari la Kale, hapo nakupinga. Kuna njia ya tatu, nayo ni kumpa mtu kazi yenyewe aifanye mbele yako. Karani mpe barua ovyo aipange. Mpe majalada 30 yaliyochanganyika. Mpe simu ya mwananchi aliyekasirika. Huhitaji sheria ya utawala wala treni.

Mimi niliingia kazini hivyo. Tulipewa rundo la fomu zenye makosa ya makusudi, tukaambiwa tutafute. Nusu ya chumba walishindwa, wakiwemo wenye vyeti vinene. Nilikuwa nimetoka shule tu.

#11 Mtafiti Kando
Zamu ya Usiku anasema jambo ambalo lina utafiti nyuma yake, ila tahadhari.

Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya tafiti za miaka 85 kuhusu vipimo vya kuajiri. Kwenye kipimo cha 0 hadi 1, mtihani wa uwezo wa akili ulipewa 0.51 katika kutabiri utendaji kazini, na jaribio la kazi yenyewe 0.54. Serikali na kampuni nyingi zimejificha nyuma ya hiyo 0.51 kwa zaidi ya miaka 20: "mtihani wetu wa maswali ya akili una sayansi".

Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walirudia hesabu wakaonyesha kwamba marekebisho ya zamani yalikuwa yanazidisha. Mtihani wa akili ukashuka hadi 0.31. Jaribio la kazi nalo likashuka hadi 0.33. Kilichobaki juu ni usaili wenye maswali yaleyale kwa kila mtu na alama zilizopangwa kabla, 0.42.

Kwa hiyo mleta uzi ana haki kusema mtihani unapima kidogo kuliko tulivyoambiwa. Zamu ya Usiku naye asijidai sana, kipimo chake hakijauacha mtihani mbali.

#12 Zamu ya Usiku
0.33 ni kubwa kuliko 0.31, mkuu. Nimeshinda.

#13 Mzee wa Masijala
Usaili? Usaili ndimo mjomba anamorudia! Nimekaa kwenye majopo hayo. Unaona kijana anajibu vizuri, halafu mwenyekiti anakohoa, na karatasi ya alama inabadilika. India walifuta kabisa usaili kwa kazi za serikali kuu za ngazi za chini kuanzia Januari 2016, na sababu waliyoitoa ilikuwa hiyohiyo, rushwa na upendeleo. Mtafiti Kando, hizo 0.42 zimehesabiwa na watu ambao hawajawahi kupigiwa simu na kigogo usiku.

#14 Mtafiti Kando
Mzee, nilisema wenye maswali yaleyale na alama zilizopangwa kabla. Anayekohoa anaharibu kipimo chochote.

#15 Mzee wa Masijala
Anaharibu, ndiyo. Ila kwenye maswali ya kuchagua jibu, yanayosahihishwa na mashine, hana pa kukoholea.

#16 Ukweli Mchungu
Mzee, hana pa kukoholea ila ana pa kununua. Mtihani ukivuja, mashine inasahihisha wizi kwa uaminifu mkubwa.

Februari 2024, jimbo la Uttar Pradesh, mtihani wa konstebo wa polisi, kazi ya waliomaliza sekondari ya juu. Nafasi zaidi ya 60,000, waombaji kama milioni 4.8. Pepa ikavuja, mtihani ukafutwa, ukarudiwa Agosti. Fikirieni mtoto aliyesafiri kwa basi usiku kucha kufika kituoni, nauli ya kuazima, halafu anaambiwa arudi tena. Mwaka huohuo serikali kuu ya India ikatunga sheria dhidi ya wizi wa mitihani ya umma: kifungo miaka 3 hadi 5, na kwa magenge yaliyojipanga miaka 5 hadi 10 pamoja na faini isiyopungua rupia milioni 10. Bado hapo hatujawagusa mamluki, wale wanaokukalia mtihani kwa jina lako.

Sababu ya kuvuja ni ileile, watu ni wengi mno kuliko nafasi. Kiti kimoja kikigombewa na watu 80, kila mlinzi wa pepa ana bei.

#17 Nyuki Dume
Si kila mlinzi, Ukweli Mchungu. Nimesimamia vyumba vya mitihani muda mrefu na sijawahi kuuza hata swali. Wengi wetu ni walimu tunaolipwa posho ndogo na tunakesha na makasha yaliyofungwa. Usituweke kapu moja.

#18 Ukweli Mchungu
Nimekusikia, mwalimu. Nasema wanaotafutwa wanunuliwe ni wengi, na anahitajika mmoja tu.

#19 Mama Wawili
Nimesoma wote. Hakuna aliyemjibu mleta uzi kuhusu yule mhandisi.

Mimi nina digrii na nilifanya mtihani wa ukarani. Nilikuwa na mtoto mgongoni, kazi za digrii yangu hazikuwepo, na tangazo lilisema "angalau sekondari". Sasa nikae nyumbani kwa sababu nimesoma zaidi? Nilipita na kazi naifanya vizuri. Ninapoambiwa nimemnyang'anya mtu nafasi yake naumia, kwa sababu sikuiba kitu. Anayeandika "angalau" ndiye wa kuulizwa.

#20 Kalamu Nyekundu
Dada Mama Wawili, pole, sikukusudia kukuumiza. Hilo neno "angalau" ndilo ninalolipigia kelele. Linamweka mdogo wangu na mhandisi mstari mmoja wa kuanzia, halafu tunaita haki.

#21 Daftari la Kale
Jambo hili limeshawahi kuwasha moto wa kweli. Shirika la reli la India lilitangaza nafasi zaidi ya 35,000, watu zaidi ya milioni 12 wakaomba. Humo kulikuwa na nafasi za sekondari na za digrii kwenye mtihani mmoja. Matokeo ya mchujo yalipotoka Januari 2022, watahiniwa wakalalamika kwamba wenye digrii wamejaa hata kwenye orodha za sekondari, na mtu mmoja anaonekana kwenye orodha za ngazi kadhaa. Vijana wakakaa relini, mabehewa yakachomwa huko Gaya, jimbo la Bihar, na serikali ikasimamisha hatua iliyofuata na kuunda kamati.

Japani wamekata shauri tofauti. Mtihani wa serikali kuu kwa wahitimu wa sekondari unamtaka mtu ambaye hajazidisha miaka 2 tangu amalize. Mwenye digrii amefungiwa kwa kalenda tu.

#22 Mti Mkavu
Hiyo ya Japani ndiyo dawa. Kila nchi iige.

#23 Binti Hesabu
Mti Mkavu, taratibu. Aliyemaliza shule akaenda kulea wadogo zake kwa miaka 4 kwa sababu mzazi amefariki, huyo naye kalenda imemfungia. Na ndiye hasa mleta uzi anayemtetea, asiye na nafasi ya kukaa akisoma.

#24 Daftari la Kale
Na kuna la Osaka. Jiji hilo lilikuwa na kazi zilizotengwa kwa wasiofika chuo kikuu. Mwaka 2007 ikagundulika mamia ya watumishi walikuwa na elimu ya juu na waliificha ili waajiriwe. Walisimamishwa kazi mwezi mmoja. Kwingine watu wanaghushi vyeti wapande, pale walificha vyeti washuke. Ukijenga ukuta, watu watatafuta ngazi.

#25 Nakazia Tu
Kuficha digrii ili upate kazi! Dunia ina mambo.

#26 Sheria Mkononi
Mleta uzi, upande wa sheria kuna kesi moja kubwa inayofaa hapa. Mahakama Kuu ya Marekani, mwaka 1971, Griggs dhidi ya Duke Power. Idara moja ya serikali huko ilikuwa inataka cheti cha sekondari na kufaulu mitihani miwili ya jumla, hata kwa kazi ambazo watu wamezifanya miaka bila vyeti. Weusi wakabaki kwenye vibarua. Mahakama ikasema kipimo kinachowafungia watu wa kundi fulani lazima kionyeshwe kwamba kinahusiana na kazi. Hiyo ndiyo hoja yako kwa lugha ya majaji.

#27 Mtafiti Kando
Duke Power ni kampuni ya umeme, mkuu, siyo idara ya serikali. Lakini hoja yako inasimama, maana mwaka 1972 sheria ilipanuliwa ikazigusa ofisi za umma pia. Jambo jingine linalouma kwenye kesi ile: masharti ya mitihani yalianza siku ileile, tarehe 2 Julai 1965, sheria ya kupinga ubaguzi kazini ilipoanza kufanya kazi. Mtihani safi, usio na mjomba, uliweza kutumika kufunga mlango uleule. Mzee wa Masijala aliangalie hili.

#28 Mzee wa Masijala
Nimeliangalia, mwanangu, na limeniingia. Bado nasema mtihani urekebishwe, usiondolewe. Wakiuondoa, anayerudi wa kwanza namjua.

#29 Kidole Juu
Naomba kuuliza jambo la pembeni. Watu wawili wakilingana alama nafasi ikiwa moja, nani anachukua?

#30 Binti Hesabu
Inategemea nchi. Kwenye ule wa India wa CHSL, wanaangalia kwanza alama za sehemu fulani za mtihani, wakilingana tena anachukua aliyezaliwa mapema, na bado wakilingana wanafuata alfabeti ya majina.

#31 Jicho la Tai
Alfabeti?! Kwa hiyo kina Zainabu na Zuberi wanakosa kazi kwa sababu ya herufi? Nang'oa nanga nikalalamike.

#32 Mama Wawili
Ila kumtanguliza aliyezaliwa mapema naona kuna huruma ndani yake. Umri wa mwisho wa kuomba unamkaribia, mdogo wake bado ana nafasi nyingine.

#33 Zamu ya Usiku
Narudi kwenye majaribio ya kazi, maana naona tumeyapita. Mtihani huohuo wa India una jaribio la kuchapa kwa kompyuta kwa baadhi ya nafasi: maneno 35 kwa dakika kwa Kiingereza au 30 kwa Kihindi. Lakini ni la kupita au kuanguka tu, haliongezi alama kwenye orodha. Yaani kitu pekee kinachofanana na kazi ndicho kisichohesabiwa kumpanga mtu. Kwa nini kisihesabiwe?

#34 Nyuki Dume
Kwa sababu hesabu za kituo zinakataa. Chumba cha kompyuta, umeme usiokatika, kibodi zinazofanana, msimamizi anayejua kuangalia. Mtu mmoja akipewa kibodi yenye kitufe kinachokwama, ana haki ya kupinga, na likiwa la kupita tu unamrudishia jaribio. Likiwa la kumpanga mtu kwenye orodha, kila sekunde inakuwa kesi. Nimeona watu wakigombea hata kiti kinachoyumba.

#35 Kalamu Nyekundu
Mwalimu Nyuki Dume, basi wapunguzwe kwanza kwa maswali rahisi ya kusoma, kuandika na hesabu za ofisini, treni zikae pembeni, halafu waliobaki wafanye jaribio la kazi lenye alama. Watu elfu tano wanaweza kupimwa kwa kibodi. Mamilioni hawawezi.

#36 Mtafiti Kando
Maswali yakiwa rahisi kila mtu anapata 95, mkuu. Utachuja vipi milioni mbili wenye 95? Ndiyo maana treni zipo. Hazikuwekwa kwa ajili ya kazi, ziliwekwa ili watu wakose.

#37 Binti Hesabu
Wapigiwe kura ya bahati wote waliovuka kiwango, kisha waende kwenye kibodi. Kura haina darasa la tuisheni.

#38 Mzee wa Masijala
Kura ya bahati nani ataishika ndoo yake?

#39 Kalamu Nyekundu
Ichezeshwe hadharani, Mzee, watahiniwa wakiwa wamesimama pale wanaona.